Chumvi ya Kisima cha Chini

Mkwaja,
14 Juni 1992

Mpwa wangu Khairat,

Idi ya Mfungo Tatu imepita salama huku kwetu. Nyama ilifika kila nyumba, na fungu lako mama yako alilitenga, akalitaja kwa jina lako, kisha akalila yeye. Hajambo. Goti la kushoto linamsumbua asubuhi, lakini likipata jua hunyooka. Baraza lake la ukili lipo palepale: kila alasiri wanawake sita, yeye akiwamo, hukaa mbele ya nyumba yake kusuka mikeka, bibi Semeni akiwa mkubwa wao, na sijui ni vidole au midomo inayokwenda mbio zaidi. Mimi nina afya, ila radio inanimalizia betri. Msalimie Uweso, na umbusu Tuhfa. Je, Uweso bado yuko zamu ya usiku pale kiwandani?

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako kuandika. Nimestaafu ualimu miaka minne, lakini mwalimu hastaafu kuhesabu. Mwaka 1974, kijiji kilipopangwa upya, kati ya nyumba ya mama yako na ufuko palikuwa na safu saba za minazi. Nimeziandika katika daftari langu. Wiki hii nimehesabu tena: zimebaki mbili, na ya mbele imelala kama watu waliochoka kusimama. Bamvua lililopita, bahari ilipojaa kupita siku zote, maji yaliacha povu hatua kumi na tisa kutoka kizingiti cha mama yako. Kumi na tisa, Khairat. Nilihesabu kwenda na kurudi.

Radio inasema wakuu wa dunia wamekutana Brazil kuzungumza habari ya hewa na joto. Ngoja nikueleze kama nilivyoelewa. Moshi wa viwanda na magari umeifunika dunia kama blanketi, joto haliondoki, maji ya bahari yakipata joto hutanuka, na barafu ya ncha za dunia huyeyuka ikaongeza. Sisemi kwamba minazi yetu imeangushwa na hilo peke yake. Mikoko tumeikata wenyewe, na mchanga tumeuchota. Lakini mambo haya yanaposhikana mikono, mtu wa ufukweni ndiye anayesukumwa.

Nakuomba umchukue mama yako akae nanyi hapo Ngamiani, japo mpaka masika ijayo ipite. Nimemwambia ahamie kwangu, huku juu, amekataa. Kasema, "Kaka, nikija kwako nitasuka ukili na nani? Na daftari lako?"

Jibu upesi. Silali vizuri siku za mwezi mpevu, bamvua linapopanda.

Mjomba wako,
Massoud bin Shaib

—

Ngamiani, Barabara ya 14,
20 Julai 1992

Mjomba Massoud,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi tu. Dereva aliyeichukua alikaa Pangani wiki mbili akisubiri springi ya lori. Sote wazima. Tuhfa ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anasema "thamaki". Uweso hajambo. Mimi nimeanza kuuza nguo za mitumba pale soko la Mgandini, kwa kujishughulisha tu, nisikae nyumbani nikahesabu mende.

Mjomba, usiniudhikie kwa nitakalosema. Barua yako niliwasomea jirani zangu uani, nao wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akasema, "Huyo mjomba wako kazeeka, ameanza kuogopa maji kama paka." Hapa mjini watu wana mengine. Asubuhi ni vyama vingi, mchana ni nani kapunguzwa kazi na nani bado, jioni ni sukari imeonekana duka gani. Tangu nimefika Ngamiani sijamsikia mtu akisema habari ya bahari, na bahari iko hapo chini, ukipanda baiskeli ni dakika kumi. Nikajiuliza: jambo kubwa namna hiyo, mbona halisemwi na yeyote ila mjomba wangu?

Mama nilimwandikia kwa zile herufi zake za Kiarabu, naye kanijibu kwa herufi hizohizo. Anasema: "Mjomba wako ana wasiwasi wa watu wenye radio. Hapa barazani tupo sita, hakuna aliyetamka neno la maji. Kungekuwa na jambo, Semeni angelisema." Kisha chini kabisa kaongeza mstari nisioufahamu: "Mwulize kaka yangu nani alishika kamba." Kamba gani, mjomba?

Kuhusu kumchukua mama, tutazungumza. Nyumba sasa hivi ina mambo mengi.

Mpwa wako,
Khairat

—

Mkwaja,
9 Agosti 1992

Mpwa wangu,

Marahaba, na meno ya Tuhfa yatarudi; mwambie asiyaguse kwa ulimi. Huku mihogo imetoka vizuri. Mama yako amemaliza mkeka wa sita na ameanza wa saba, wa rangi ya zambarau, nao anasema ni wako. Uweso umemwandikia maneno mawili tu, "Uweso hajambo." Zamani ulikuwa ukimwandikia ukurasa.

Sikuudhika kwa paka. Nimewahi kufundisha darasa la pili wakati wa njaa, na hakuna kicheko kinachonishinda. Lakini nimehangaika. Baada ya barua yako nilimwomba imamu anipe nafasi baada ya sala ya Ijumaa. Nikasimama na daftari. Nikawaeleza habari ya kisima cha chini, kile ambacho nusu ya kijiji hunywa. Nataka wewe nawe uelewe. Chini ya mchanga wetu, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Mvua zikipungua, yale mafuta yanakuwa membamba. Bahari ikisogea, mchuzi unapanda. Siku moja unatia ndoo, unachota mchuzi. Mimi nimekionja kile kisima kila Jumatatu tangu mwaka jana, nami nasema kimeanza kuwa na munyu.

Walinisikiliza kwa adabu. Kisha Abass, yule mwenye duka, akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "bahari ilikuwapo kabla ya chaki." Msikiti mzima ukaguna kwa raha. Nikamwuliza, "Wewe maji ya kisima unayaonaje?" Akasema, "Maji sinywi mie, nanywa chai, na chai ya mke wangu haijabadilika." Wakaondoka.

Nikarudi nyumbani nikakaa, nikasimama, nikakaa. Nimewafundisha nusu yao kusoma. Nikiwaambia mji mkuu wa Brazil wataniamini, na hawajauona. Maji wanayokunywa kila siku, hawaniamini. Nimejaribu kulielewa jambo hili na bado sijalielewa.

Bamvua lililopita: hatua kumi na saba.

Nijibu kuhusu mama yako. Neno "tutazungumza" si tarehe.

Mjomba wako,
Massoud

—

Makorora,
2 Novemba 1992

Mjomba,

Shikamoo. Najua nimechelewa, na najua umehesabu siku. Tuhfa aliugua homa akapona. Meno mapya yameshachungulia. Mimi mzima. Uweso mzima.

Nina habari ya kukupa, nawe utanicheka kwa zamu yako. Sokoni nimepangiwa kukaa na mama mmoja aitwaye Leticia, mama Anjela. Mumewe aliletwa na kazi za mkonge, wamebaki hapahapa. Kwao ni milimani, juu ya Lushoto. Yeye anauza viazi, mimi nguo, na wateja wakiadimika tunazungumza. Siku moja alirudi kutoka kwao msibani, akakaa bila kupanga viazi. Nikamwuliza, "Mama Anjela, kulikoni?" Akasema, "Dada Khairat, nimelala kwa baba usiku tatu sikupata usingizi. Nikajiuliza nini kimepungua. Nikagundua ni mto. Nyuma ya nyumba ya baba kulikuwa na mto, sisi tulizaliwa na kelele zake, tunalala nazo. Sasa hausikiki. Ukungu wa asubuhi nao umetoweka, mahindi yanaungua." Akaniuliza, "Na kwenu pwani?" Nikafungua mdomo niseme kwetu hakuna kitu. Nikakumbuka safu zako za minazi.

Nikamweleza, mjomba, kama ulivyonieleza wewe, mpaka mafuta na mchuzi. Leticia hakucheka. Alisema, "Basi mama yako anafanya nini pale?" Tangu siku hiyo silali mimi. Naamka nasikiliza, na hapa hakuna bahari ya kusikiliza, kuna mikoroma ya jirani tu.

Hayo nimeyaandika kwa haraka. Sasa kila anayekuja sokoni kutoka mbali namwuliza, na mambo yanatoka. Mwanamke wa mashamba ya chumvi kasema maji yamewabomolea matuta mara mbili mwaka huu. Watu wanayo, ila mpaka uwaulize.

Lakini kumchukua mama siwezi kwa sasa. Usiniulize sababu. Na wewe pia kuna swali hukunijibu. Nani alishika kamba?

Khairat

—

Mkwaja,
29 Novemba 1992

Mpwa wangu Khairat,

Leo naanza na msiba. Mzee Shehe, mume wa bibi Semeni, amefariki Alhamisi baada ya kuugua siku nne. Tumemzika alasiri. Semeni amekaa eda, hatatoka nje ya nyumba yake mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Mama yako analia kama aliyefiwa yeye. Barua hii naituma kwa mkono wa mwanawe Shehe anayerudi Tanga, ili ikufikie kwa wakati.

Nilipoisoma barua yako nilifurahi, kisha nikaumia kidogo, nami sitakuficha. Nilikuandikia kurasa nane zenye hesabu, ukazisoma uani nikachekwa. Muuza viazi akakwambia sentensi kumi, ukakosa usingizi. Nilizunguka na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu nikaona kwamba si kosa lako, bali mimi ndiye niliyekuwa nje ya darasa. Mtu hapimi hatari kwa daftari la mwenzake. Anawatazama wale anaokula nao, anaocheka nao, anaosuka nao. Nao wakiwa watulivu, naye hutulia, hata kama mguu wake umo majini. Ngamiani hawakusema, hukusema. Leticia alisema, ukasema. Mama yako baraza lake ni watu sita, na hao sita ndio radio yake. Mimi nilikwenda msikitini kuwaambia waume zao.

Kwa hiyo naomba uje arobaini ya Shehe, tarehe nne Januari. Mimi mwanamume siwezi kukaa kwenye ukili. Wewe unaweza.

Sasa kamba. Nilitumaini utasahau.

Mwaka 1974 nilikuwa katibu wa kamati ya viwanja. Mimi ndiye niliyeshika kamba, nikapiga vigingi vya kila nyumba. Mama yako alitaka kiwanja cha juu, karibu na msikiti. Baba yako alikuwa ameshatangulia, wewe una miaka tisa, na kisima kiko chini. Nikafikiri: mjane asichote maji mbali. Nikampa kile cha ufukweni. Alisimama pale, akatazama minazi, akaniuliza, "Kaka, si karibu mno?" Nikamwambia, "Inatosha." Nilikuwa nimevaa saa mpya na kalamu mbili mfukoni, na watu wanaitikia kila nisemalo.

Kila bamvua nahesabu hatua, na kila nikihesabu namsikia akiniuliza. Hiyo ndiyo sababu ya barua zote hizi, zaidi ya radio, zaidi ya Brazil.

Nimeona pia kwamba barua yako imeandikwa Makorora, na nyumba yenu iko Ngamiani. Sikuulizi. Nimeona tu.

Hatua kumi na nne.

Massoud

—

Makorora,
17 Januari 1993

Mjomba wangu,

Shikamoo tena, ingawa tumeachana wiki iliyopita tu. Tumefika salama; pantoni ya Pangani ilituweka saa tano juani, Tuhfa akapata weusi mwingine. Mimi nilivyorudi nimelala siku nzima.

Siku ile ulikuwa upande wa wanaume, kwa hiyo wewe uliona wali tu. Hukuona ulikotoka. Hatukupata nafasi ya kuzungumza sawasawa, na mbele ya mama kuna mambo hayasemwi, basi ngoja nikueleze mimi kwa mara moja, wewe ukae usikilize.

Unajua kwamba kwenye shughuli zote za Mkwaja, wa kutia chumvi ni bibi Semeni. Wengine watapika, watakuna nazi, watakoroga, lakini chumvi haiguswi mpaka aje yeye na kiganja chake. Siku ile yuko eda, chumba cha ndani, mlango umerudishwa, na mama kakaa naye. Uani tuko mimi na wale wengine wanne wa ukili, na masufuria matatu. Mastura akasema, "Chumvi je?" Wakatazamana. Kila mmoja akapata kazi nyingine ya kufanya. Mmoja akainama kwenye kuni, mmoja akakumbuka bizari. Mastura akasema, "Atie Khairat, mtoto wa mjini, mkono wake bado mbichi." Nami nikatia, kama ninavyotia kila siku, kwa kiasi cha masufuria.

Ulionja mwenyewe. Nilisikia kikohozi cha Abass kikivuka ukuta. Tena nasikia alipoomba maji ya kutelemshia, mlimletea ya kisima kilekile.

Uani wakanigeukia. Mastura alionja akatema. "Lahaula! Umetia chumvi au umetia bahari? Ndiyo mapishi ya Tanga hayo?" Mwingine akasema, "Mwacheni, huko mjini wanakula samaki wa makopo, ulimi umekufa." Wakacheka, nami machozi yananilenga. Nikasema, "Wallahi nimetia kiasi kilekile alichonifundisha mama! Vijiko vyenu vikubwa au ni nini?" Mastura akasema, "Kiasi cha mama yako? Nani siku hizi anatia kiasi hicho?" Kisha akageukia sufuria ghafla, kama aliyekanyaga mwiba.

Nikamwuliza, "Kwani wewe unatia kiasi gani?"

Akasema, "Mie? Mie natia kidogo."

"Kidogo kiasi gani, shangazi?"

Akaangalia huku na huku. "Nusu ya zamani. Tangu Mfungo Sita."

Aliyekuwa kwenye kuni akainua kichwa. "Nusu? Mie robo."

Wa bizari akasema, "Mie sitii kabisa." Alisema kwa sauti ndogo, mjomba, kama anaungama. "Nilidhani ni mimi. Nilidhani ulimi wangu umezeeka, sijui tena kupima. Mume wangu alilalamika mara moja, nikaona haya, nikaanza kupunguza. Nikasema nikiwaambia ninyi mtanicheka, mtasema bibi kaisha."

Hapo hakuna aliyecheka. Wa nne, aliyekuwa akikuna nazi, akasema, "Hata mie nusu." Kisha kutoka ndani, nyuma ya mlango, sauti ya bibi Semeni: "Khairat! Waambie na mimi. Na mimi sitii, na mama yako hapa ananiambia naye kapunguza. Tangu kabla ya masika. Na mwenye kiganja cha chumvi ni mie, ningemwambia nani?"

Mjomba, wanawake sita. Kila siku wanakaa mkeka mmoja, wanajua nani kagombana na mumewe na nani kachelewa siku zake. Na wote sita wameonja bahari miezi yote hii, kila mmoja akaificha jikoni kwake, kwa kuogopa wenzake watasema amezeeka. Abass alisema kweli, chai ya mkewe haikubadilika. Mkewe ndiye huyo wa robo, na kwenye chai huongeza sukari kuficha chumvi.

Mastura akachukua kata, akasema, "Twendeni." Tukaacha masufuria na watoto, tukaenda kisimani. Kila mmoja akachota akaonja mbele ya wenzake. Mama alikuwa nyuma yetu, anachechemea, sijui alitokaje ndani. Alionja wa mwisho. Alitazama nyumba yake, akatazama minazi, akanishika mkono, tukarudi.

Usiku wake nilimwomba tuondoke naye. Akanijibu, "Chumba chenu kina kitanda kimoja. Unadhani mimi sijui?" Alikuwa anajua, mjomba. Basi wewe nawe ujue. Uweso alipunguzwa kazi tangu Julai, yeye na wenzake mia mbili. Ngamiani tumehama, tunakaa chumba kimoja hapa Makorora. Sikukuandikia kwa sababu kwa jirani zangu kila mume alikuwa hajambo, nami nikaona haya wa kwangu peke yake awe jambo. Baadaye nikagundua nyumba nne za ua ule zilikuwa hivyohivyo, kila moja imefunga mlango. Nimecheka peke yangu kwenye pantoni nikifikiria wale wanawake na chumvi yao. Na mimi ni wa saba.

Sasa Uweso anatengeneza baiskeli chini ya kibanda, na ameanza kuzungumza tena wakati wa kula.

Mama hatakuja kwangu. Mhamishe wewe. Kuhusu kamba sikulaumu. Yeye sijui.

Khairat

—

Mkwaja,
21 Februari 1993

Mpwa wangu,

Kesho au keshokutwa tutaufunga mwezi, nami nataka barua hii iondoke kabla ya saumu. Mpe Uweso salamu zangu, si zile za maneno mawili. Mwambie baiskeli yangu ya Mchina imekaa miaka mitatu bila mnyororo, na nikija Tanga nitakuja nayo mkononi. Kuona haya kwenu nimekuelewa, kwa sababu nami niliona haya ya kamba miaka kumi na minane.

Sasa habari. Wiki moja baada ya wewe kuondoka, Abass alikuja kwangu asubuhi, jembe begani, uso wa mtu mwenye siri ya serikali. Akakaa. Akasema, "Mwalimu, kuna jambo huenda hujalisikia. Kisima cha chini kimeingia bahari."

Nilimtazama. Daftari lilikuwa hapo mezani, kati yetu.

"Nani kakwambia?" nikamwuliza.

"Mke wangu! Na mke wa jirani. Wanawake wote wanasema. Yaani chini ya mchanga, mwalimu, maji matamu huelea juu kama mafuta..."

Khairat, nilikuwa na majibu saba. Nilimeza yote. Nikamwambia, "Ati nini? Hebu nieleze." Akanieleza, na alieleza vizuri. Mahali pamoja alikosea, sikumsahihisha. Siku ileile wanaume kumi na wawili walikwenda kufukua kisima cha juu, kile kilichoachwa tangu ukoloni nyuma ya nyumba ya Semeni. Maji yamepatikana pima nane. Ni machache, na sijui yatadumu misimu mingapi kama vuli zitaendelea kutukimbia. Nimeyaonja na nitayaonja kila Jumatatu. Usidhani nimetulia.

Mama yako bado alikuwa ufukweni. Nilimwendea mara mbili akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Lakini baraza limehama. Semeni yuko eda, hawezi kutoka, basi wenzake wameona wamfuate; kila alasiri wanasuka ukili uani kwake, huku juu. Mama yako akawa anapanda kilima kila siku na goti lile, na kushuka magharibi. Wiki tatu. Jumanne ya wiki iliyotangulia bamvua liliingia chini ya kizingiti chake likalowesha ule mkeka wa zambarau. Asubuhi alikuja kwangu ameubeba kichwani, unachuruzika.

Hakutaja maji. Alisema, "Kaka, goti langu limechoka kupanda. Heri nikae huku karibu na wenzangu."

Nikasema, "Ni kweli, goti si la kuchezea."

"Kamba yako bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Iko ndani ya sanduku la vitabu, imekauka kama ngozi, mafundo yake ya pima bado yapo. Nikaitoa. Wanawake wanne walikuwa wamesimama wanatusubiri, Mastura ana vigingi kikapu kizima, na Semeni anachungulia dirishani. Tukashuka ufukweni, nikashika ncha moja nikaanzia ukingo wa maji. Mama yako akaninyang'anya ile nyingine. "Safari hii ya mbele naishika mie," akasema. "Wewe simama ufukweni."

Basi nikasimama, maji yananipiga vifundoni, naye akapanda anachechemea na kamba. Akapita nyumba yake ya zamani. Akapita mnazi uliopigwa na radi. Tukaunga kamba, akaendelea. Alipofika usawa wa msikiti nikaona pamekwisha kuwa mbali sana, nikapiga kelele, "Dada! Inatosha!"

Akageuka. Nilimwona vizuri kwa sababu jua lilikuwa upande wangu.

"Hata mwaka ule," akapaza sauti, "ulisema inatosha."

Akaendelea kupanda, na kamba ikanikimbia mkononi.

Mjomba wako,
Massoud